Borrow na lend: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kuazima kwa Kiingereza

Mwangaluka wote. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni huku Igoma, Mwanza, na kabla ya hapo nilikaa miaka mwaloni Kirumba napima samaki kwa wanunuzi, na kote huko nimekutana na hili jambo moja la kuazima. Wanafunzi wananiuliza, mama ntilie ananiuliza, kijana wa boda ananipakia afu njiani anauliza hilohilo. Nimeona bora niyaandike yote sehemu moja maana nalipenda sana hili neno na naumia nikiona mtu anachekwa kwa ajili yake.

Borrow maana yake nini hasa?

Ni kuchukua kitu cha mwenzako kwa ruhusa yake, ukitumie, afu urudishe. Anayechukua ndo anayeborrow. Mwenye kitu haborrow chochote, ye analend. Shika hapo kwanza, mengine yote yanaanzia hapo.

Sasa "borrow me your pen" kosa liko wapi, mbona darasa zima tunasema hivo?

Mnasema hivo kwa sababu mnajua Kiswahili vizuri, na hili naomba mlielewe kabla sijasema lingine. Sisi tuna kitenzi kimoja, kuazima, kinafanya kazi pande zote mbili. Nasema nimeazima kalamu kwa Juma, mimi ndo nimechukua. Nasema Juma kaniazima kalamu, hapo ni Juma ndo katoa. Kitenzi ni kilekile, kilichobadilika ni hivi vipande vidogo vinavyokaa mbele yake, nani anatenda na nani anatendewa, basi msikilizaji anajua kalamu imetoka wapi imeenda wapi.

Afu angalia kitu ambacho mi mwenyewe nilikuja kukiona ukubwani kabisa. Andika neno "niazime" kwenye karatasi. Linasomeka vipi? Unaweza kusema "niazime baiskeli yako", yani wewe nipe. Unaweza pia kumuuliza mama "niazime baiskeli kwa jirani?", yani mimi nikachukue. Herufi ni zilezile saba, mpangilio uleule, na maana mbili zinazotazamana! Kwenye ya kwanza ile ni- mwanzoni ni mimi ninayepewa, kwenye ya pili ni mimi ninayeenda kuchukua, na anayetusaidia ni sauti tu na yale maneno yaliyobaki. Kuazimisha lipo ila mtaani ukae wiki nzima ndo ulisikie.

Kiingereza hakina hiyo njia. Chenyewe mwelekeo kimeufungia ndani ya kitenzi, kikatengeneza viwili, kimoja cha kuchukua kimoja cha kutoa. Kwahiyo ukichukua kichwa cha "niazime kalamu" ukakivalisha nguo za Kiingereza inatoka "borrow me your pen", na Mwingereza anakwama kwa sababu kwake borrow inaenda upande mmoja tu. Sema "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?". Zote mbili sawa, heshima sawa.

Nitakumbukaje ipi ni ipi nikiwa na haraka?

Kanuni ninayowapa vijana wangu ni moja, toa hilo neno weka "take" au "give". "Give me your pen" inakubali, basi pale inakaa lend. "Can I take your pen?" inakubali, basi pale inakaa borrow. Ukiweka "take me your pen" we mwenyewe unasikia imeharibika, na "borrow me your pen" imeharibika vilevile.

Na jambo la pili, vile vihusishi. Unaborrow FROM mtu, unalend TO mtu. "I borrowed a net from my uncle." "My uncle lent a net to me", au kwa kifupi "My uncle lent me a net". Sisi "kwa" yetu inabeba vyote, naenda kwa mjomba, nimeazima kwa mjomba, ndo maana mtu anaandika "I borrowed to my uncle" na msomaji anashindwa kujua nani anamdai nani.

Si wataelewa tu hata nikikosea?

Mara nyingi ndiyo, kama kalamu iko mezani na mkono umeunyoosha. Shida ni pale mnapoandikiana na hamuonani.

Nikiwa mwaloni kuna mnunuzi mmoja mgeni alikuwa anachukua sangara, Kiswahili hajui kabisa, tunaelewana kwa meseji. Usiku akaniambia kesho atakuja mapema na gari ila hakutaja madeli ya barafu. Mi kwa roho safi nikamwandikia "Tomorrow I will borrow you four boxes", nikimaanisha nitakuazima madeli manne, usihangaike. Yeye kwa Kiingereza chake akaelewa kwamba mimi ndo nataka kuazima madeli manne kutoka kwake, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema asubuhi akamtuma dereva kwanza azunguke mjini akanitafutie! Mi nipo Kirumba toka alfajiri, madeli yangu manne yako mlangoni yana barafu tayari, samaki wake wamepimwa wako juu ya turubai kwa sababu siwezi kumpakilia mtu asiyekuwepo, namsubiri. Saa mbili, saa tatu, jua linapanda, saa nne kasoro ndo gari inaingia na madeli manne matupu. Sangara wa juu walishaanza kulegea tumbo. Tulielewana bei ikashuka, hakuna aliyemgombeza mwenzake, ila ile siku nilirudi nyumbani nikaitafuta kamusi. Nilichokuwa nimekikosea ni neno moja tu, "lend" nikaweka "borrow".

Neno borrow lilitoka wapi?

Hapa ndo penyewe, nivumilieni nikae kidogo.

Kwenye Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kulikuwa na jina "borg", na wengine waliliandika "borh". Maana yake ilikuwa dhamana. Kile unachoacha ili uaminike, au mtu anayesimama kukudhamini. Kutoka hapo wakapata kitenzi "borgian", na ndo huyo aliyekuja kuwa borrow. Kwahiyo mwanzo wa hili neno ni dhamana, ile ahadi inayobaki nyuma wakati kitu chenyewe kimeondoka.

Fikiria bodaboda anaenda kuazima pampu kwa fundi pale Buhongwa. Fundi anamwambia sawa, acha simu hapa. Ile simu inayobaki kwenye benchi ndo borg. Au kijana kashikwa, mjomba anaenda kumtoa kwa dhamana, mjomba huyo ndo borg mwenyewe. Waingereza wa zamani walilichukulia serious sana, sheria za wafalme wao wa karne ya 10 zilitaka mtu awe na mdhamini wa kumsimamia, akikimbia mdhamini anabanwa. Wajerumani mpaka leo mdhamini wanamwita Bürge, ni wa ukoo huohuo.

Ukizidi kuchimba chini unakuta mzizi wenye maana ya kuficha, kulinda, kuhifadhi. Neno "bury", yani kuzika, ni ndugu yake kutoka mzizi huohuo. Kitu kilichowekwa salama.

Sasa hapa nilifurahi mpaka nikamuamsha mke wangu. Wataalamu wanasema hiki kitenzi huko utotoni kilikuwa na maana za pande zote mbili, kukopa na kukopesha, kama azima yetu kabisa! Kiingereza kikaja kukibakiza upande mmoja. Ila Kijerumani hakikubanwa hivo, hadi leo "borgen" ni kuazima pande zote, msemaji anatofautisha kwa vile vipande vya pembeni kama sisi tunavyofanya. Nikipita pale ziwani nikaliona lile jiwe la Bismarck huwa nakumbuka kwamba Wajerumani waliolipa hilo jina walikuwa wanaazima kwa namna inayofanana na ya kwetu.

Na lend je?

Lend nayo ni ya zamani, mwanzo ilikuwa "lænan", ukiangalia haina d yoyote mwishoni. D ilitoka kwenye wakati uliopita, watu walizoea kuisikia huko, na kwa kuwa wana "send" na "bend" zinazoishia na d wakaibandika na kwenye lend moja kwa moja. Ilikuwa mazoea ya midomo tu kama mazoea mengine.

Mzizi wake wa mbali una maana ya kuacha. Yani kulend ni kumwachia mtu, na sisi si ndo tunasema hivohivo, "niachie simu kidogo nipige", "niachie boda lako nifike Nyakato mara moja". Mzizi huohuo ndo umezaa "eleven" na "twelve", kumi na moja maana yake ya asili ni moja iliyobaki baada ya kumi, na kumi na mbili ni mbili zilizobaki. Hiyo haihusiani na kuazima moja kwa moja ila nimeshindwa kuiacha.

Kwahiyo weka pembeni kwa pembeni, borrow imetoka kwenye dhamana na lend imetoka kwenye kuachia. Mmoja anaacha dhamana mwingine anaachia kitu. Mi kwa kweli tangu nijue hivi sijawahi tena kuzichanganya.

Kuna mtu kasema "loan me", ni sahihi?

Ni sahihi, hasa Marekani. Loan kama jina, yani mkopo, liliingia Kiingereza kutoka kwa wale watu wa kaskazini waliotawala na kukaa Uingereza enzi za Waviking, kwao lilikuwa "lán". Kama kitenzi limetumika tangu karne ya 16, Wamarekani wakaendelea nalo, Waingereza wengi wakabaki na lend. Kwenye mtihani andika lend, hakuna atakayekukata maksi. Ila usiseme "I loaned from the bank" ukimaanisha ulikopa, hiyo inamaanisha we ndo uliyetoa. Wewe uli-borrow.

Kwahiyo kukopa na kuazima kwao ni neno moja?

Eeh, kwenye hili sisi ndo tumewazidi. Kwetu ukiazima jembe unarudisha jembe lilelile na mpini wake uleule. Ukikopa debe la mahindi unarudisha debe lingine, yale uliyochukua si mlishakula. Ni kweli mtaani watu wanasema "niazime elfu kumi" ila hata aliyesema hategemei kurudisha noti ileile. Kiingereza kote hapo ni borrow, jembe unaborrow, mahindi unaborrow, hela benki unaborrow, na wale wa kausha damu wanaopita mlango kwa mlango kila wiki nao ulichukua kwao kwa kuborrow.

Angalizo hapo kwa kinamama maana mmeniuliza sana kwa sababu ya fomu. Kwenye fomu ya mkopo "borrower" ni wewe unayechukua, "lender" ni wao wanaotoa, na "guarantor" ni mdhamini wako. Usisaini mstari ambao hujui ni wa nani! Nimeona mama mmoja kasaini kwenye guarantor ya mwenzake akidhani ni shahidi tu wa kuonekana, na mwenzake alipohama wakaja kubeba friji la huyu.

Mi mvuvi wa dagaa Ukerewe, tajiri ananipa mtumbwi na injini, je hiyo ni borrow?

Swali zuri sana kaka. Hapana. Kama unavua, mnauza, mnagawana na mwenye chombo, wewe unafanya kazi na vyombo vyake, sema "I work on his boat" au "I use his boat". Borrow ingekuwa kachukue mtumbwi bure uende msibani kisiwani Ukara urudi umkabidhi. Na ukimlipa kwa siku bila kugawana samaki, hapo ni kukodi, wanasema "hire" au "rent".

Ila ile ya siku za mbalamwezi, dagaa hawaji kwenye taa, mmekaa nchi kavu, unamfuata tajiri akupe elfu ishirini ya unga mpaka giza lirudi, hiyo ndo borrow yenyewe. "I borrow money from him when the moon is full." Ni sentensi nzuri tu, nimeipenda.

Kwanini mwalimu wetu anasema lend na rent tusichanganye?

Kwa sababu huku kanda ya ziwa ndimi zetu L na R tunazibadilishia viti, si aibu, lugha zetu nyingi hazikutupa zote mbili. Shida ni kwamba borrow ina R, lend ina L, na pembeni amekaa rent na R yake. Ukisema "He lent me a room" umesema alinipa chumba nikae bure. Ukiteleza ukasema "rent" umeleta habari ya kodi, na mwenzako ataanza kuuliza ni shilingi ngapi kwa mwezi. Mazoezi ni ulimi, kwenye L ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia, kwenye R yao haigusi popote. Sema "lend, rent, lend, rent" mbele ya kioo asubuhi kabla hujapiga mswaki, wiki mbili inatosha.

Na cha kushangaza rent yenyewe inaenda pande zote mbili kama azima, aliyepanga ana-rent na mwenye nyumba naye ana-rent. Kwahiyo hata wao wana vitenzi vya namna yetu, hawakumaliza kuvigawa.

Nikiishiwa chumvi nikaenda kwa jirani naborrow?

Waingereza wanasema, "Can I borrow some sugar?", na wote wanajua hairudi. Ni adabu ya kutojifanya unaomba bure. Kwetu mtu anaenda na kikombe anasema "mama fulani naomba chumvi" na hakuna anayeandika deni, siku yake ikifika naye atakuja. Kwa Kiingereza "Can I have a little salt?" inatosha kabisa.

Choo je? Chaja?

Choo hapana, hakibebeki. Borrow inataka kitu unachoweza kuondoka nacho. "Can I use your toilet?" Chaja ukichomeka hapohapo dukani sema use, ukienda nayo nyumbani sema borrow.

Wakati uliopita inakuwaje?

Borrow, borrowed. Lend, lent. Lended haipo. Na "I was borrowed a book" nayo hapana, sisi "nimeazimwa kitabu" iko sawa lakini kwao ni "I was lent a book".

Ni kweli kuna Wazungu wanaosema "borrow me"?

Kweli kabisa. Marekani kule Minnesota na Wisconsin wapo wanaosema "borrow me" kama wewe, na inaelezwa walirithi kwa wahamiaji wa Kijerumani na wa nchi za Skandinavia ambao kwao kitenzi ni kimoja, Waswidi kwa mfano "låna" ni kukopa na kukopesha. Afrika Kusini ipo pia, kwa sababu Kiafrikana kina "leen" ya pande zote. Kwahiyo akikucheka mtu mwambie hilo, afu kwenye intavyuu na kwenye mtihani uandike lend.

Kwenye hesabu za kutoa mtoto wangu anasema "borrow one", ni neno hilohilo?

Ndiyo mama, hilohilo. Hamsini na mbili toa kumi na saba, mbili haitoshi kutoa saba, unaenda kwa jirani wa makumi unakopa moja, inakuwa kumi na mbili. Yule jirani alikuwa tano anabaki nne, na hapo ndo watoto wengi wanakosea, wanakopa afu wanasahau kumpunguzia aliyekopesha. Mtoto wako nimemfundisha akate tano kwa mstari aandike nne juu yake kabla hajagusa kitu kingine, na jumamosi nitampa kumi za namna hiyo aje nazo.